Msafiri wa Pwani Aingiapo Maskati

Katika miji yote ya Ghuba, hapana umpokeao mtu wa Unguja, Mombasa au Lamu kama jamaa aliyerejea nyumbani kuliko Maskati. Kwani huenda dereva wa teksi akamsabahi kwa Kiswahili fasaha kabla hajautia mzigo garini, na akiingia katika soko la Matrah, penye harufu ya ubani na udi, akakuta mwenye duka amtajiaye bei kwa lafudhi ile ile ya Mji Mkongwe. Jambo hili lina asili yake. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, alitawala Maskati na Unguja pamoja. Na baada ya Mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, khususan baada ya Sultan Qaboos kushika ufalme mwaka 1970, familia nyingi zilihamia Omani, zikaichukua lugha yetu pamoja na watoto wao na vyombo vyao.

Udugu huo ni neema kubwa, lakini rai yangu ni kwamba ndani yake imejificha hatari ya mgeni wetu. Mzungu atokaye mbali huuliza kila jambo kwa sababu anajua hajui. Mtu wa pwani, maadamu amesikia lugha yake ikisemwa, hudhani kwamba na sheria ni zile zile alizoziacha kwao, akajiachia pale ambapo mgeni mwingine angekuwa na hadhari.

Katika mavazi hapana taabu kubwa kwa mtu aliyelelewa katika haya. Mgeni hatakiwi kuvaa kanzu ya Kiomani yenye kishada cha kutiwa manukato shingoni. Kinachotakiwa ni mabega na magoti yasitiriwe awapo mjini, na nguo za kuogelea zibaki ufukweni. Katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, hata asiyekuwa Mwislamu huruhusiwa kuzuru asubuhi, ila siku ya Ijumaa, kwa sharti kwamba mwanamke afunike nywele zake, mikono hadi vifundo na miguu hadi chini, na mwanamume avae suruali ndefu.

Adabu ya nyumbani ndiyo yenye mambo ya ndani zaidi. Mgeni akiisha vua viatu mlangoni, akaketi bila ya kuwaelekezea wenziwe nyayo zake, huanza maulizano marefu ya hali na habari, ambayo ni utovu wa adabu kuyakata ili kuingia katika haja iliyomleta. Kisha huletwa tende au halwa, naye huchukua kwa mkono wa kulia kiasi kidogo. Halafu huja kahawa chungu yenye harufu ya iliki, katika finjani ndogo isiyo na mkono, nayo humiminwa kidogo tu. Wengine hudhani uchache huo ni choyo, kumbe ndiyo heshima yenyewe, kwa maana mwenyeji amekusudia kusimama mbele ya mgeni wake na kummiminia tena na tena. Mgeni aliyetosheka huitikisa finjani kidogo anapoirudisha. Asipofanya hivyo, atamiminiwa nyingine, naye hana haki ya kulalamika. Mwanamume asimnyoshee mkono mwanamke mpaka aanze mwenyewe huyo mwanamke kuutoa, wala asiwapige picha watu wa nyumba, hasa wanawake, pasipo idhini iliyo wazi.

Mwezi wa Ramadhani, kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kosa la jinai, si aibu tu, na sheria haimwachi nje asiyefunga kwa dini yake.

Sheria nyingine humnasa mtu angali uwanja wa ndege. Miraa, ambayo mfanyabiashara wa Kenya huiuza kwa uhalali mbele ya macho ya kila mtu, ni haramu kuingizwa Omani. Na dawa za maumivu zenye kodeini, na baadhi ya dawa za usingizi, huweza kumtia mgonjwa katika mashaka asipokuwa na cheti cha daktari. Fauka ya hayo, iko sheria ya makosa ya mtandao tangu mwaka 2011, kwa hiyo maneno ya kumtusi mtu yaliyoandikwa kwa hasira katika simu yanaweza kupelekwa mahakamani. Na majengo ya jeshi na ya polisi yasipigwe picha kabisa.

Nimebakisha barabara makusudi, kwa kuwa ndizo ninazoziogopa zaidi kwa ajili ya watu wetu. Sisi huendesha magari upande wa kushoto, na Omani huendesha kulia. Basi macho yaliyozoea kutazama kulia kwanza, yakimwongoza mtu avukapo njia, humwelekeza kule yasikotoka magari. Jua la kiangazi nalo si jua letu: kuanzia Juni hadi Agosti serikali huwakataza wafanyakazi kufanya kazi juani tangu saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, na msafiri angefanya vyema kuishika amri hiyo ingawa haikuandikwa kwa ajili yake.

Mvua ni haba, na uhaba huo ndio huifanya imjie mtu kwa ghafula. Maji yanyeshayo katika milima ya Hajar hukimbilia mabonde makavu wayaitayo wadi, na yaweza kufika kwa kishindo mahali ambapo mbingu ni safi, wala wingu halionekani. Tufani ya Gonu, mwezi wa Juni mwaka 2007, iliwaonyesha watu wa Maskati jinsi barabara nzuri zinavyoweza kugeuka mito. Kuvuka wadi yenye maji kwa kusudi kumekuwa kosa linaloadhibiwa, na dereva aliyekuta maji yamekatiza njia asikisie kina chake kwa macho wala asilifuate gari la mbele. Ageuze, apande mahali pa juu, asubiri saa kadhaa mpaka maji yapite, na akiona mtu amechukuliwa apige nambari 9999, ambayo ni ya dharura nchini humo.