Ngome ya Mtemi Isike: Tutazame, Tusichimbe

Ngome ni boma imara la kujikinga na adui. Ngome moja ya kale haiko mbali sana nasi. Ni ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Ilikuwa karibu na mji wa Tabora. Kutoka Ibadakuli unapita Tinde na Nzega, ndipo unafika Tabora.

Kwa nini ilijengwa huko? Zamani Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Wafanyabiashara wa pembe za ndovu walitoka pwani, wakapita hapo kwenda Ujiji na Ziwa Victoria. Mtemi aliwatoza hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi yake. Isike alianza kutawala mwaka 1876. Wajerumani walipokuja, waliitaka njia hiyo iwe mikononi mwao. Isike alikataa.

Mwaka 1892 Wajerumani walimshambulia, lakini ngome haikutekwa. Januari 1893 walirudi wakiongozwa na Luteni Tom von Prince. Safari hii waliingia. Isike hakutaka kushikwa. Aliingia katika ghala la baruti, akalilipua.

Ukienda kutazama ngome ya kale, usitegemee kukuta jumba zima. Ukuta wa udongo usiotunzwa huliwa na mvua, nasi sote tunalijua hilo. Basi fanya mambo matatu. Kwanza, tazama mahali penyewe: maji yako wapi, na adui angetokea upande gani? Pili, tafuta mstari wa ukuta ardhini. Tatu, waulize wazee wa hapo. Wengi walisimuliwa na babu zao. Ukitaka kuona tembe la zamani zile, nenda pia Kwihara, hapo hapo Tabora. Dakta Livingstone alikaa huko mwaka 1872.

Sasa tuseme ukweli. Wapo watu wanaokwenda mahali pa kale na sururu, tena usiku. Wamesikia kwamba Wajerumani walifukia rupia na dhahabu. Wanachimba, wanabomoa, wanaondoka mikono mitupu. Hasara inabaki kwetu sote.

Hasara gani? Mchimbaji wa Geita atatuelewa. Yeye hufuata mwamba. Mawe yakichanganywa, hajui tena dhahabu ilitoka wapi. Na ngome ni hivyo hivyo. Risasi iliyokwama ukutani inaonyesha adui alipiga kutoka upande gani. Ukiing'oa na kuitia mfukoni, imekuwa kipande cha chuma tu. Haisemi tena.

Tena, kuchimba mahali pa kale bila kibali ni kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964. Ukiokota kitu cha kale shambani, usikiuze. Kiache mahali pake, umwarifu mwenyekiti wa kijiji au ofisa utamaduni.

Hatukuwepo vita vile vilipopiganwa. Mashahidi wetu ni wawili tu: wazee na ardhi. Wazee wanapungua kila mwaka. Ardhi nayo tukiivuruga, wajukuu wetu watamuuliza nani?

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini Wajerumani waliitaka Tabora?
2. Je, kijijini kwenu kuna boma au kaburi la mtemi? Nani anajua habari zake?
3. Nani ataziandika habari hizo, na lini?