Laptopu ya Gemu kwa Pesa za Chama: Kipi Kinunuliwe Leo, Kipi Kingoje

Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaa wetu akiwa na mwanawe wa miaka kumi na tisa. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika, naye alikuwa na shilingi 80,000. Kijana anasomea uchoraji wa ramani za majengo, na alitaka laptopu itakayomudu programu za masomo yake pamoja na gemu. (Wenye Kiswahili cha redioni huiita kipakatalishi, nyumbani twaiita laptopu, na hapa tutaiita hivyo.) Walikuwa wameshaiona moja dukani mjini: nyembamba, herufi zake zawaka taa nyekundu, na juu yake imebandikwa stika ya Core i7. Muuzaji alitaka 78,000.

Mama alikuwa na swali moja tu. "Sheikh, yafaa kumnunulia mtoto kitu cha kuchezea kwa pesa kama hizi?"

Swali hilo halikutuchukua muda. Mchezo usio na kamari wala uchafu, na usiomsahaulisha mtu sala wala masomo, asili yake ni kuruhusiwa. Tulimtahadharisha na gemu zinazouza visanduku vya bahati, ambapo kijana hulipa pesa za kweli asijue atapata nini mpaka ameshalipa. Hizo zanuka kamari, na mzazi azifunge. Kilichotutia wasiwasi zaidi ni laptopu yenyewe. Sisi si mafundi, lakini tuna vijana nyumbani, na baadhi ya tuliowasomesha madrasa leo wafungua kompyuta kwa riziki yao. Tuliyojifunza kwao ndiyo tuliyomweleza mama huyu.

Tulimwomba kijana atuletee namba kamili ya prosesa, si stika. Akaleta: i7-7600U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari yaonyesha kizazi, nacho ni cha saba. Herufi ya U yaonyesha kwamba prosesa imetengenezwa kwa kubana umeme, si kwa kazi nzito. Prosesa hiyo ina viini viwili tu vya kufanyia kazi, ilhali i5-12450H, ambayo kwa jina yaonekana ndogo, ina vinane. Tena Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel za kizazi cha saba isipokuwa chache mno, na hii haimo miongoni mwa hizo. Nayo Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kubwa kuliko yote, haikuwa na kadi ya picha ya kujitegemea. Kijana angeilaza mezani na kuitazama taa zake.

Hapa ndipo penye jambo la kushika. Kompyuta kubwa ya mezani hufunguliwa, kadi ya picha ikachomolewa na nyingine ikatiwa. Laptopu sivyo. Karibu katika laptopu zote za leo, prosesa na kadi ya picha zimechomelewa kwenye ubao mkuu, na fundi wa kawaida hawezi kuzibadilisha. RAM na diski, kwa laptopu nyingi za gemu, hubadilishwa kwa bisibisi. Basi mwenye pesa chache azitie kwanza kwenye kisichobadilika. Kiwanja kikiwa kibaya hukihamishi, lakini rangi ya ukuta waweza kuipaka mwakani.

Kadi ya picha ndiyo ianze. Kwa mfano, EA Sports FC 24, gemu ya mpira ambayo vijana wengi waipenda, kiwango chake cha chini kwenye kompyuta ni kadi ya daraja la GTX 1050 Ti, RAM ya gigabaiti 8, na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Kwa hivyo GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, bado yatosha kwa mpira na kwa ramani nyingi za mwanafunzi. Mwenye uwezo zaidi atazame RTX 3050 au RTX 4050; hii ya pili ina kumbukumbu yake yenyewe ya gigabaiti 6. Lakini jina la kadi pekee halitoshi. RTX 3050 hiyo hiyo yaweza kupewa wati 35 ndani ya laptopu nyembamba, na wati 80 ndani ya nene yenye feni mbili, na tofauti huonekana wazi gemu inapokwenda. Kina mama mwalijua hili kwenye masufuria: jepesi lang'aa dukani, zito ndilo lipikalo biriani.

RAM ya gigabaiti 8 yatosha kwa kuanzia, madamu pana nafasi ya kutia kipande cha pili. Ulizeni kabla ya kulipa, kwani laptopu nyingine RAM yake nayo imechomelewa. Vipande viwili vilivyo sawa hufanya kazi kwa kasi kuliko kimoja, na DDR4 haiingii mahali pa DDR5. Diski iwe SSD, gigabaiti 512 ikiwezekana. Taa za herufi ziacheni. Skrini ya kasi kubwa pia ingoje, kwa kuwa kadi ndogo haitaweza kuilisha.

Laptopu iliyotumika, hasa kwa joto na chumvi ya pwani yetu, ijaribiwe dukani nusu saa nzima gemu ikiendelea. Ikizimika ghafla, au ikiwa nzito baada ya dakika kumi, huenda imejaa vumbi au feni yake imechoka. Itazameni chaja pia: laptopu za gemu mara nyingi hutaka ya wati 150 na zaidi, na ikipewa ndogo hujivuta. Kwa umeme wa betri peke yake gemu hupungua kasi sana, kwa hivyo itakaa mezani karibu na soketi. Meza hiyo, kwa maoni yetu, iwe sebuleni. Kitandani godoro huziba matundu ya hewa, na mlango wa chumba huziba macho ya mama.

Mtume (S.A.W.) alipitia rundo la nafaka sokoni, akatia mkono ndani, akakuta majimaji yaliyofichwa chini, akamkemea muuzaji. Nasi tutie mkono. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mnunuzi na muuzaji waweza kukubaliana khiyari isiyozidi siku tatu, na kitu kikarudishwa ndani ya muda huo. Ama yale maandishi ya kwenye risiti kwamba mali ikiuzwa hairudi, hayamwondolei muuzaji dhima ya aibu aliyoijua akaificha. Na kwa wale wanaovutwa na malipo ya polepole, bei ya mkopo kuwa juu ya bei ya taslimu wanazuoni wengi wameiruhusu, ikiwa imekatwa pale pale na haiongezeki. Mkataba unaozidisha deni kila ukichelewa ndio riba, na karatasi hiyo isitiwe sahihi.

Mama na mwanawe walirudi mjini Jumamosi, wakaingia duka jingine. Walipata laptopu nene iliyotumika, isiyo na taa wala urembo: prosesa ya Ryzen 5 5600H yenye viini sita, GTX 1650, RAM ya gigabaiti 8 na nafasi moja tupu, SSD ya 512. Muuzaji mwenyewe aliwaonyesha ufa kwenye pembe ya kifuniko, akasema betri haimalizi saa moja, akapunguza kutoka 70,000 hadi 68,000, na akaandika siku tatu kwenye risiti. Kijana aliijaribu mpaka adhana ya Adhuhuri.

Katika 12,000 zilizobaki, mama ameweka 4,000 za RAM ya pili. Nyingine ameziongeza kwenye karo ya binti yake.