Gemu Mpya ya Mapigano: Ina Kina au Kelele Tu?

Muhula uliopita, boom lilipotoka, wana wa geto letu hapa Iyunga tulichanga, tukanunua Tekken 8 na kuiweka kwenye kompyuta ya mshikaji mmoja. Hazikupita siku tatu, jamaa mmoja akawa anatuchapa wote kwa teke lilelile: Bryan anainama, anakufagia miguu, uko chini. Kikao kikaitishwa. "Hii ni kubonyezabonyeza tu, tuifute turudi kwenye mpira." Hela ilikuwa ya wote na imeuma. Nikaomba wiki moja niitetee.

Nilijiuliza maswali matatu, nawe unaweza kuyatumia kwa gemu yoyote ya mapigano.

La kwanza: pigo linalokuua lina dawa? Teke lile la Bryan huja taratibu. Ukiliona, chuchumaa uzuie. Atayumba, nawe unamrusha hewani bila yeye kujitetea. Kumbe gemu haikuwa na kosa, sisi ndio tulikuwa hatujasoma.

La pili: dawa nayo ina dawa yake? Ukizoea kuchuchumaa, mpinzani anakushushia pigo la kati, ambalo linampata aliyeinama. Ukisimama, teke linarudi. Hapo ndipo unaanza kusoma akili ya mtu. Ni kama bao: mashimo 32, kete 64, sheria unafundishwa na kuzishika, lakini mzee wa kijiweni atakufunga miaka na miaka.

La tatu ndilo gumu: mbabe wa leo atabaki kuwa mbabe? Hili halijibiwi kwa siku tatu. Tekken 7 iliingia kwenye kumbi za michezo za Japani mwaka 2015. Miaka minne baadaye, wakati macho ya wengi yako kwa Wakorea na Wajapani, Arslan Ash kutoka Lahore, Pakistani, alishinda Evo Japan na Evo ya Las Vegas ndani ya mwaka mmoja, 2019. Maana yake gemu ilikuwa bado na mambo ambayo hata mabingwa hawakuwa wameyamaliza. Wala si ya mbali tu: Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU mwaka 2018 kwa kucheza Tekken.

Kwa hiyo, kama pigo halina dawa kabisa hata baada ya mazoezi, futa, hela imeshakwenda. Kama dawa ipo na inaweza kujibiwa, ipe gemu mwezi kabla ya kuihukumu. Tekken 8 hata inakuruhusu kurudia pambano ulilopoteza na kushika pedi palepale ulipokosea.

Wiki yangu ilipoisha, jamaa bado alinifunga. Ila safari hii teke lake nililizuia mara mbili, ikabidi atafute kingine. Kikao kikaahirishwa hadi baada ya UE.