Vijarida vya mkono: Raha ya kusoma kisichochujwa

Mwaka 1990, utawala wa Rais Mobutu ulipoanza kuyumba, mitaa ya Kinshasa ilipata kijitabu cha katuni cha kurasa chache, kwenye karatasi duni. Ndani yake mwanamume mmoja anageuka chatu, anammeza mwanamke, kisha anatapika fedha. Rais hakutajwa popote, na haikuwa lazima atajwe. Wasomaji wengi walimwona humo wenyewe, kwani mjini watu walikwisha kunong'ona kwamba utajiri wa wakubwa una roho za watu ndani yake.

Mchoraji wake, anayejiita Papa Mfumu'eto wa Kwanza, hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake. Alitunga, akachora, akaandika maneno kwa Kilingala cha mitaani na kusimamia mwenyewe kazi itoke na iuzwe. Vitabu vya katuni vilivyotoka Ulaya vilikuwa na rangi na jalada gumu, lakini ndani yake mama muuza mihogo wa Kinshasa hakujiona. Kwa Mfumu'eto alijiona, pamoja na wivu wa wake wenza, uchawi wa jirani na mume aliyekimbia kodi ya nyumba. Leo mkusanyiko mkubwa wa kazi hizo umehifadhiwa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, na wanahistoria wanausoma wapate kujua Kinshasa ya miaka ile iliogopa nini na ilicheka nini.

Kazi ya namna hii ina ndugu kila bara: vijarida na katuni ambazo mtu mmoja, au marafiki wachache, huziandika, huzichora, huzitoa kopi, huzibana pini na kuziuza mkono kwa mkono. Hazina mhariri mkuu, hazina matangazo ya biashara, hazina namba ya ISBN. Sisi tuliokua na jarida la Sani, tukicheka vituko vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa, tunaujua utamu wa katuni ya kununua kwenye meza ya magazeti. Kijarida cha mkono kinakaa ngazi moja chini ya hapo, mahali ambapo hata meza hiyo hakihitaji.

Kwa nini basi mtu akipende kitu chenye herufi zilizopinda na wino uliofifia? Kwa sababu hakikuchujwa. Kitabu cha kampuni hupita kwa mhariri, kwa mtu wa mauzo, pengine na kwa mwanasheria, na kila mmoja hupunguza kidogo. Kinapofika dukani makosa yamepungua, na mara nyingi ujasiri nao umepungua. Kijarida cha mkono huja na makosa yake yote, lakini anayesema humo ni mtu mmoja na hakuna aliyemrekebisha kauli.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko katika Kiswahili chenyewe. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika kijitabu kwa niaba ya watu waliokuwa maboi na wapishi katika nyumba za Wazungu. Kilipigwa taipu na kurudufiwa kwa Kiswahili cha Katanga. Jina lake la Kifaransa linaahidi msamiati wa mji, ila ndani ni historia ya mji huo tangu kuja kwa Wabelgiji, ikisimuliwa na waliofua nguo zao na kuwapikia. Maneno yamekatwa na kuunganishwa kama sikio lilivyoyasikia, hata msomaji hulazimika kusoma kwa sauti ndipo maana imfunukie. Mhariri makini angeyanyoosha yote hayo, na pamoja nayo angefuta namna watu wale walivyozungumza. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka 1990, na sasa ni miongoni mwa maandishi muhimu kuhusu Kongo ya kikoloni kutoka upande wa waliotawaliwa.

Udogo nao ni sehemu ya raha. London, mwaka 1976, karani wa benki Mark Perry alianzisha Sniffin' Glue, kijarida cha muziki wa panki chenye vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa kalamu nene. Kilianza na nakala chache za fotokopi, kikafika maelfu. Mwaka uliofuata alikifunga mwenyewe, kingali kinanunuliwa, akiwahimiza wasomaji waanzishe vyao. Nchini Marekani, John Porcellino amekuwa akitoa King-Cat tangu 1989, zaidi ya matoleo 80, akichora kwa mistari michache matembezi yake, paka wake, kazi zake na magonjwa yake. Mambo hayo yasingejaza duka la vitabu, ila yamempa wasomaji waliodumu naye miaka zaidi ya thelathini.

Mtu atasema siku hizi kila mwenye simu ni mchapishaji. Ni kweli, lakini mtandaoni kazi yako hupangwa na mashine inayopenda kelele, na kesho imezikwa chini ya nyingine. Kijarida hakimtafuti kila mtu. Kinamfikia shoga yako, fundi cherehani wa jirani, dereva wa daladala, naye akikipenda humpa mwenzake.

Tusivipambe kupita kiasi. Vingi ni vibovu, na vingi hupotea, maana karatasi isiyo na mwenyewe huishia kufungia karanga. Ndiyo maana Chuo cha Barnard, New York, kina maktaba maalumu ya vijarida hivi. Kwetu, kazi ya kuvitunza bado iko mikononi mwa wanaovitengeneza.

Kuanza ni rahisi. Chukua karatasi moja ya A4, ikunje nusu mara tatu, uifungue: umepata vyumba vinane. Ikunje tena nusu, pande fupi zikutane, kata kuanzia kwenye mkunjo huo, ukifuata mstari wa kati, kwa urefu wa chumba kimoja tu; kisha uifungue, uikunje nusu kwa urefu na usukume ncha mbili zikutane iwe kijarida cha kurasa nane, majalada yakiwemo, bila pini hata moja. Kwa kuwa michoro yote iko upande mmoja, kila kopi moja ya steshenari ni kijarida kizima. Chora mgogoro wa bomba la mtaa wenu, au safari za bibi yako alizokusimulia, au kituko cha mwenye nyumba. Ukurasa wa mwisho andika jina lako, mji na mwaka. Uza nakala zote isipokuwa mbili: moja iweke kwako, nyingine ipeleke maktaba ya mkoa.