Bei ya Sahani na Bei ya Mlo

Machi 2022, mwezi mmoja baada ya majeshi ya Urusi kuingia Ukraine, kipimo cha bei za vyakula cha Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa tangu kianze kutumika. Mafuta ya kupikia yalikuwa mstari wa mbele. Aprili 28 Indonesia, inayozalisha mawese mengi kuliko nchi yoyote, ikapiga marufuku kuyauza nje, na haikulegeza kamba hadi Mei 23. Tanzania huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula na karibu ngano yake yote, kwa hiyo msukosuko huo haukuchelewa kufika kwenye karai la chipsi na kwenye unga wa chapati. Petroli na dizeli nazo zilipaa, hadi Serikali ikaanza Juni mwaka huo kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Kibingo, kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, dumu la mafuta lililoshushwa bandarini Dar es Salaam hufika baada ya safari ya takriban kilomita 1,400, na kila kilomita ina gharama yake. Soko la dunia lilikuja kutulia, ila bei nyingi za mtaani hazikurudi zilikotoka. Na bado watu wananunua chipsi mayai, chapati, maandazi na sambusa, na jioni mishikaki.

Maelezo yanayosikika kila mara ni kwamba hiyo ni tamaa, au uvivu wa kupika, au vijana kuiga ya mjini. Yanawaonea watu, na zaidi ya hapo hayaelezi kitu, maana tamaa na uvivu vilikuwepo bei ikiwa chini na vipo bei ikiwa juu. Ninachokitetea hapa ni kwamba mnunuzi wa sahani ya chipsi anajua hesabu kuliko anavyodhaniwa. Analinganisha bei ya sahani iliyo mbele yake na gharama nzima ya mlo ambao angeupika mwenyewe, na gharama hiyo ina mambo ambayo hayaandikwi popote: kuni, maji, saa, na kiwango kidogo kabisa cha fedha ambacho mtu anaweza kuanza nacho. Mwaka 1965 mchumi wa Marekani Gary Becker aliandika kwamba kila tunachokula kina bei mbili, ile ya fedha na ile ya muda unaotumika kukiandaa, na kwamba mtu hufanya uamuzi kwa kuzijumlisha. Becker alikuwa na familia za Marekani akilini, lakini hoja yake inafaa zaidi mahali ambapo chakula cha nyumbani huanzia kwenye kutafuta kuni.

Chukua maharage, mboga kuu ya nyanda hizi. Maji huchemka kwa nyuzi joto 100 usawa wa bahari tu. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, na kwa kila mita 300 kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja. Vilima vingi vya Karagwe na Kyerwa vinafika mita 1,500 na kupita, kwa hiyo huko maji huchemka kwa nyuzi 95 au pungufu, na hata ukichochea moto vipi, sufuria ya kawaida haitavuka hapo. Moto wa ziada unaishia kuwa mvuke. Kulainika kwa maharage ni kazi ya kikemia: gundi asilia inayoshikilia chembe za punje lazima iyeyuke, na kazi ya namna hiyo hupungua kasi kwa karibu nusu kila joto linaposhuka nyuzi 10. Kwa makadirio hayo, maharage yanayoiva kwa saa mbili pwani yanaweza kudai karibu saa tatu mlimani. Kama ni ya msimu uliopita na yamekaa ghalani hadi yakawa magumu, ongeza tena. Muda wote huo kuni zinateketea na mtu, mara nyingi mwanamke, yuko karibu na jiko. Mafuta hayana kikomo hicho. Karai la mafuta hufika nyuzi 170 hadi 180 mlimani sawasawa na pwani, na kiazi kilichokatwa vipande vyembamba hupokea joto pande zote kwa mara moja, kikaiva kwa dakika chache. Chapati kwenye kikaango nayo ni hivyo hivyo. Chakula cha haraka, kwa maana hii, kimepata upendeleo wa kifizikia katika nchi ya milima, na upendeleo huo hauguswi na bei ya ngano.

Halafu kuna moto wenyewe. Muuzaji anawasha jiko moja na kuhudumia watu hamsini. Mtu aliyepanga chumba kimoja anawasha jiko lake kwa ajili ya tumbo moja. Joto linalopotea katika kuwasha, kupasha sufuria na kuacha makaa yafe ni karibu lile lile kwa wote wawili, lakini mmoja analigawa kwa sahani hamsini na mwingine analibeba peke yake. Dereva wa bodaboda, mwalimu aliyehamishiwa kituo kipya, fundi wa siku mbili tatu, kijana aliyekuja kuvuna kahawa: hawa kwa kila mlo wanaopika hulipa gharama ya moto ya familia nzima. Mafuta na mkaa vinapopanda, vinapanda kwa muuzaji na kwao pia, na kwa kila sahani wao ndio wanaoumia zaidi. Wengi husahau jambo hili wanaposhangaa kwamba bei imepanda na wateja hawajakimbia. Mteja hakimbii bei iliyopanda. Anakimbilia kilichopanda kidogo zaidi, na mara nyingi kilichopanda kidogo zaidi kiko pale pale kibandani.

Muuzaji naye ana njia ya kupunguza makali. Sarafu zetu ni za shilingi 50, 100, 200 na 500. Andazi la shilingi 100 haliwezi kupanda kwa asilimia kumi, kwa kuwa hakuna sarafu ya kumi ya kulipia. Hatua ndogo kabisa ni shilingi 150, yaani ongezeko la nusu nzima, ambalo mteja ataliona na kulilalamikia. Kwa hiyo bei inabaki, donge la unga ndilo linalopungua. Chapati inakuwa nyembamba, fungu la chipsi linajazwa kachumbari, mshikaki unapoteza kipande. Mfumuko wa bei unapita mlango wa nyuma, na mtu anayeshika mia mkononi anaendelea kuhisi kwamba mia bado inanunua andazi. Hapo pana udanganyifu wa macho, nakubali, lakini pana pia huduma ya kweli: nyumbani huwezi kupika mlo wa shilingi 500. Huuziwi kijiko kimoja cha mafuta, kuni moja, chumvi ya kubana kwa vidole na kiazi kimoja, vyote kwa mpigo. Kibandani unaweza. Mwenye kipato cha siku kwa siku hununua kipimo kinacholingana na alichonacho, hata kama kwa gramu analipa zaidi.

Msomaji makini ataleta ushahidi unaopingana na haya. Mwaka 2010 Tatiana Andreyeva na wenzake walikusanya tafiti 160 za Marekani kuhusu jinsi watu wanavyoitikia bei za vyakula, na wakakuta kwamba chakula kinacholiwa nje ya nyumbani ndicho kinachopunguzwa upesi kuliko vingine: bei ikipanda kwa asilimia 10, ununuzi hushuka kwa takriban asilimia 8. Basi watu huacha, tena kwa kiasi kikubwa. Nakubali takwimu hiyo, na naisoma kwa mambo mawili. Kwanza, hata huko ununuzi haukushuka kwa kiwango kile kile ambacho bei ilipanda, maana yake fedha inayoishia kwa wauzaji iliongezeka kidogo badala ya kupungua. Pili, Mmarekani anayeacha mgahawa ana jokofu, jiko la gesi au umeme na mkate dukani. Njia yake ya kurudi nyumbani ni fupi na rahisi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati hiyo ifikapo 2034, na lengo lenyewe linasema wazi kwamba kuni na mkaa ndivyo vinavyotawala leo. Palipo na kuni, njia ya kurudi nyumbani ni ndefu. Isitoshe, kipato nacho hakikusimama. Kagera ndiyo ngome ya kahawa ya robusta nchini, na mwaka 2024 tani moja ya robusta kwenye soko la London ilivuka dola 5,000. Msimu ukiwa mzuri, kijana aliyelipwa kwa kuvuna na kuanika anaweza kumudu sahani iliyopanda bei bila kujinyima.

Pingamizi la pili ni la wenyeji wenyewe, nalo lina uzito: nchi ya ndizi, kila kaya na kibanja chake cha migomba, mtu anunue chakula cha nini? Jibu moja liko shambani. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria uligunduliwa Kagera mwaka 2006, na tangu hapo kaya nyingi zimelazimika kung'oa mashina na kuishi na kibanja kisicho na uhakika. Mkungu nao umekuwa bidhaa. Ukipakiwa kwenye lori kwenda Mwanza unageuka ada ya shule. Jibu lingine ni la kijamii zaidi, na ushahidi wake ulikusanywa kwa sehemu katika mkoa huu huu. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walizipima kaya zaidi ya 4,000 katika wilaya saba za Tanzania, mbili zikiwa za Kagera, kwa mbinu nane tofauti za kuuliza watu wametumia nini. Mbinu ya kumpa kila mtu mzima daftari lake na kumfuatilia kwa karibu ilionesha matumizi makubwa kuliko kumuuliza mtu mmoja kwa niaba ya kaya, na tofauti ilikuwa kubwa hasa palipokuwa na watu wazima wengi. Maana yake ni nyepesi: kaya haijui kila mmoja wake anakula nini huko nje. Anayenunua chapati njia panda hatumii fedha ya kaya wala hafikirii kibanja cha kaya. Yuko mbali na sufuria, ana sarafu zake mfukoni, na njaa ni ya saa hiyo.

Ladha je? Siwezi kuiondoa kwenye hesabu. Mwaka 2018 timu iliyoongozwa na Alexandra DiFeliceantonio ilichapisha jaribio ambamo watu walitaja fedha ambayo wako tayari kutoa kwa vitafunwa vyenye nishati sawa, vingine vya mafuta, vingine vya wanga, vingine vyenye vyote viwili. Vyenye mafuta na wanga pamoja vilipewa bei ya juu, na picha za ubongo zilionesha sehemu zinazohusika na raha zikiitikia kwa nguvu zaidi. Chipsi, maandazi na chapati ni mafuta na wanga pamoja. Kwa hiyo ndiyo, mwili unavuta upande huo, na bei inapaswa kupanda sana kabla mvuto haujakatika. Tatizo ni kwamba mvuto na shibe ni vitu viwili. Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima vyakula 38 mwaka 1995 kwa kulinganisha shibe ya saa mbili, mkate mweupe ukipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha viliongoza vyote kwa alama 323. Chipsi, kiazi kile kile kilichopitia mafuta, zilipata 116. Anayesema kwamba mnunuzi amepunjwa ana hoja hapa: saa aliyoiokoa mchana anaweza kuilipa kwa njaa ya alasiri, mbali na madhara ya mafuta yanayorudiwa kukaangia hadi yawe meusi.

Na kuna pingamizi ambalo sina jibu la kulituliza, kwa sababu ni la haki. Mwenye fedha ya mfukoni mara nyingi ni baba au kijana wa kiume. Mtoto wa miaka miwili hana mfuko. Baba akila chipsi na mayai mnadani huku nyumbani wanakula ndizi zisizo na mboga ya maana, uamuzi ulio na mantiki kwake ni hasara kwa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto wapatao 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na Kagera, pamoja na rutuba yake yote, ilikuwa juu ya wastani huo. Kudumaa kuna sababu nyingi, na sitaki kukitwisha kibanda cha chipsi mzigo usio wake. Lakini yai linaloliwa barabarani halifiki kwenye sahani ya mtoto, na hilo ni juu ya wanaume kuliamua.

Kama hoja yangu ni sahihi, kuhubiri dhidi ya chipsi ni kupoteza pumzi, na kuongeza ushuru kwa wauzaji ni kuwaumiza wasio na jiko. Kinachoweza kubadili tabia ni kukifanya chakula cha kuchemsha kipatikane kwa masharti yale yale: kiko tayari, kiko njiani, kinauzwa kwa kipimo cha sarafu. Jiko la presha hufunga mvuke na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120, likafuta adhabu ya mwinuko. Maharage ya saa tatu yanaiva ndani ya saa moja. Mama lishe mwenye jiko hilo anaweza kuuza maharage yaliyoiva, ndizi na viazi vya moto asubuhi, kwa mwenye kula pale na kwa mwenye kubeba nyumbani akaunge mwenyewe na kuwagawia watoto. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Madiwani wavipe kipaumbele vikundi vya mama lishe vinavyoomba majiko ya presha, na maji safi yafikishwe kwenye magulio wanakouzia.