Je, wajua kwa nini vilima vya Geita vina dhahabu na msitu pamoja?

Mji wa Geita umekua hadi kukaribiana na vilima vyake. Huku mabati ya nyumba, kule miombo, na katikati ya miombo mashimo ya dhahabu. Vyote vitatu chanzo chake ni mwamba mmoja.

Mwamba huo ni matabaka membamba ya chuma na gumegume, yaliyojilaza chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mvua imeikwangua ardhi inayouzunguka. Mwamba wenyewe, kwa ugumu wake, umebaki juu. Chuma hichohicho ndicho kilichonasa dhahabu. Maji ya moto kutoka vilindini yalipanda yakiwa na dhahabu iliyoshikamana na salfa. Yalipopenya kwenye nyufa, chuma kikainyakua salfa na kuwa pairiti. Dhahabu ikakosa mbebaji, ikaganda papo hapo.

Juu ya mwamba huo udongo ni haba na wenye mawe, jembe halipapendi, na pametengwa kuwa hifadhi ya msitu. Wakoloni walianza kuchimba hapa miaka ya 1930, na uchimbaji ukaendelea hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966, baada ya uhuru. Mwaka 2000 ukaanza mgodi mkubwa ambao sasa ni wa AngloGold Ashanti, na sehemu yake imo ndani ya hifadhi hiyo.

Wachimbaji wadogo nao wanautegemea msitu. Duara, yaani shimo lao la kuchimbia, haliingiwi bila matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, na matimba ni miti. Ongeza mkaa wa mji mzima, utaona mzigo ulivyo.

Hata hivyo, kukata si kung'oa. Mti wa miombo ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, maana mizizi yake ina akiba. Mizizi hiyo huishi kwa ushirika na kuvu wa ardhini, wale wanaotupa uyoga wakati wa mvua: kuvu huuletea mti fosforasi, mti huwalipa sukari. Kinachoniumiza ni udongo wa juu unapofukiwa chini ya kifusi. Hapo kisiki, mbegu na kuvu hupotea kwa mpigo, na mche unaopandwa baadaye huanza maisha bila mshirika wake. Udongo ule ukiwekwa kando kabla ya kuchimba, kisha ukarudishwa mapema ungali hai, miombo huwa na pa kuanzia.