Mume Aliyekosa Nguvu: Maelezo kwa Wanaosikiliza Mashauri ya Ndoa

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo wachungaji huletewa kwa sauti ya chini, nalo ni kukosa nguvu za kiume kwa mume aliyekwisha kuishi vema na mkewe kwa miaka mingi. Watu husema jogoo hapandi mtungi, wakacheka. Aliye nalo nyumbani hacheki.

Huko Nachingwea na Ruangwa, wilaya za Mkoa wa Lindi, shauri hili hufika mbele ya wazee likiwa limevaa nguo nyingine. Mke hulalamika kwamba mume amepata mwanamke wa pembeni, na kwamba fedha za korosho zimekwenda huko. Mume hujibu kwa ukali, au hukawia barazani mpaka mkewe apatwe na usingizi. Kwa kuwa Wamwera hufuata ukoo wa mama, na kwa desturi mume huweza kukaa kwa wakwe, aibu yake haina pa kujificha: wajomba wa mke wako karibu. Wengine hunena kwamba amefungwa, na mganga hutafutwa. Sisi nasi, tukiri, tumewahi kuketi katika shauri la namna hii na kuhubiri uaminifu kwa mtu ambaye hakuwa na kosa ila kisukari.

Uume husimama kwa damu. Mishipa ya fahamu huamuru mishipa ya damu ilegee, damu huingia kwa wingi katika nyama zilizo kama sifongo, na njia yake ya kutokea hubanwa. Basi kila kinachodhuru mishipa ya damu au ya fahamu hudhuru na jambo hili. Kisukari huharibu yote mawili. Shinikizo la damu na tumbaku huikaza mishipa ya damu na kuiziba. Pombe ya miaka mingi, iwe uraka au gongo, hudhoofisha mishipa ya fahamu na kupunguza homoni ya kiume. Kuna pia kuumia uti wa mgongo, kwa kuanguka mtini au kwa ajali ya pikipiki, na upasuaji wa tezi dume, na hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu. (Mgonjwa asiziache kwa siri, amwambie daktari ambadilishie.)

Mishipa ya uume ina upana wa milimita 1 hadi 2, ilhali ile ya moyo ina 3 hadi 4. Kwa hiyo huziba mapema, na udhaifu huu huweza kuutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka kadhaa. Mke anayelalamika kwamba mumewe amebadilika huenda ameiona hatari kabla ya tabibu.

Uume ukisimama alfajiri, mara nyingi chanzo ni hofu, huzuni au ugomvi. Usiposimama hata wakati huo, na tatizo likiwa limekuja polepole, mwili ndio wa kushukiwa kwanza. Lakini mambo haya huchanganyika, maana aliyeshindwa mara moja kwa ugonjwa huogopa mara ya pili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huruhusu ndoa ibatilishwe iwapo mmoja hakuweza tendo la ndoa wakati wa kufunga ndoa. Udhaifu uliokuja baada ya miaka ishirini ni jambo jingine, na wazee wasiyachanganye.

Tangu mwaka 1998 ipo dawa ya sildenafil, nayo huwafaa wengi, ila ni hatari ya kifo kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Unga usiojulikana unaouzwa minadani hauna wa kuudhamini. Vipimo vya sukari na shinikizo la damu hufanyika katika hospitali za wilaya zote mbili, kwa dakika chache. Kabla kikao hakijaitwa, mume na aende akapimwe, na mkewe afuatane naye, ili asikie mwenyewe kutoka kwa daktari.